Simu Nne Katikati ya Ziwa

Saa nne asubuhi, siku ya kazi, simu nne za watumishi wa ofisi ya kata zilikuwa katikati ya Ziwa Tanganyika, na wenye simu hawakuwa nazo.

Mwenye la kupoteza zaidi alikuwa Telesphory, kaimu mtendaji, aliyebakiza mwezi mmoja athibitishwe kwenye cheo. Siku hizi mahudhurio yanakaguliwa kwa simu. Bi Veneranda wa utumishi, kule Kigoma mjini, anafungua kompyuta tu na kuona kila mtu alipo. Lakini yalikuwa majira ya mbalamwezi, dagaa hawavuliki, na wavuvi wakipumzika ndipo wanapooa. Rafiki yao Assani, mvuvi, alikuwa anaoa siku hiyo kule Mwandiga. Telesphory akakusanya simu yake na za wenzake watatu, akamkabidhi mlinzi Nikodemu zibaki ofisini. Akamwonya asizipokee zikiita na asiziache hata dakika.

Nikodemu ni mtu wa kutii. Habari ilipomfikia kuwa mama mkwe wake anaumwa, katika kijiji cha mbali huko mwambaoni, alizitia zote kwenye mfuko wa rambo, akapanda nazo boti.

Bi Veneranda akaona vidoti vinne majini. Akapiga, kimya. Akatuma boti ya uokoaji, na habari za kuzama zikasambaa.

Kule Mwandiga, Telesphory alikuwa na paja la kuku mkononi mshereheshaji aliposhika kipaza sauti na kutangaza msiba: watumishi wanne wamezama ziwani, tusimame tuwaombee. Watu wakasimama. Wao wanne nao wakasimama, maana kukaa kungekuwa utovu wa adabu. Mmoja wao, Dunia, afisa kilimo, akaanza kulia. Majina yaliposomwa, la kwanza likawa lake.

Wenzake wakamnong'oneza Telesphory wakimbilie ofisini, waseme simu ziliibwa. Telesphory akakifikiria cheo chake, kisha akawafikiria watu wanaopiga mbizi kutafuta maiti zinazokula pilau. Akaazima simu ya bwana harusi, akampigia Bi Veneranda.

"Shikamoo, Mama. Ni Telesphory."

"Unapiga kutoka wapi, akhera?"

"Mwandiga, Mama. Harusini. Zilizosafiri ni simu, sisi wazima."

Bi Veneranda akasikika akiwageukia wenzake na kuwaeleza, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

"Maliza kula, marehemu," akasema. "Kesho uje kwangu na wenzako wote."

Gharama yake ikawa hii: lita arobaini za petroli ya boti ya uokoaji, walizochangia wote wanne, Jumamosi nne za kufyeka uwanja wa zahanati, na kwa Telesphory peke yake, mwaka mzima zaidi wa kuitwa kaimu.