Mkutano Mkuu Ukingoni mwa Mfereji

Ludovick alikuwa mwenyekiti wa chama cha Waswahili mjini Stockholm kwa mwaka wa saba, na kwa miaka minne ya mwisho hapakufanyika uchaguzi hata mmoja. Sababu hazikukosekana. Mara ukumbi umejaa, mara akidi haikutimia. Katiba, aliyoiandika mwenyewe, ilisema mkutano mkuu si halali bila mwenyekiti kuwepo, na kila siku ya mkutano ilipowadia kiuno kilimkamata.

Barua za kuahirisha aliziandika katibu wake, Domina, muuguzi wa Rågsved. Alikuwa mwanamke mpole. Kila alipobonyeza kitufe cha kutuma alijisikia kama mtu anayesaidia uongo, lakini alibonyeza.

Mwezi wa Mei Ludovick akatangaza matembezi kando ya mfereji wa zamani nje ya mji, ambao haujapitisha mashua tangu enzi za mababu. "Waswidi waone kwamba na sisi tunapenda msitu," alisema. Wakaja watu kumi na tisa. Mwenyekiti alivaa kizibao cha njano, akatundika filimbi shingoni, akawapanga wawili wawili kama watoto wa chekechea.

Mfereji wenyewe ulikuwa umegeuka bonde la nyasi na vyura. Kila baada ya mwendo fulani palikuwa na chemba ndefu ya mawe yenye malango ya mbao yaliyooza.

"Hizi ni slussar," Ludovick alifundisha. "Kama pale Slussen tunapobadilisha treni. Zilijengwa kuzuia wezi wa samaki."

"Pardon, Président," alisema Baudouin, fundi wa pampu kutoka Jordbro, mzaliwa wa Bukavu. "Ile ni ya kupandisha mashua. Unafunga mlango, unajaza maji, mashua inapanda."

"Nilikuwa nafika hapo," alijibu Ludovick, akapuliza filimbi.

Kwenye chemba ya tatu alitaka picha ya ripoti. Kibao kilikataza watu kupanda malango. Ludovick alikisoma kwa sauti, akawatafsiria wote, kisha akapanda. Alipofika katikati akanyoosha mkono kama anayehutubia taifa. Ubao ukakatika.

Wote walikimbilia ukingoni. Mwenyekiti alikuwa amesimama chini, matope yamemfika kiunoni, hana hata mchubuko. Kuta zilikuwa na urefu wa watu wawili.

"Napiga mia moja na kumi na mbili, waje waokoaji," alisema Domina, simu mkononi.

"Usithubutu! Magazeti yataandika nini? Tafuteni ngazi, kimyakimya."

Mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akitembeza mbwa alisikiliza shida yao kwa makini. Ngazi ipo kwa jirani, alisema, lakini hawezi kumgongea mlango bila kumpigia simu kwanza, na saa hii jirani anakunywa kahawa. Labda nusu saa. Akaondoka taratibu.

Watu wakafungua chupa za chai. Ndipo Mama Adrienne, mke wa Baudouin, alipouliza, "Katibu, leo tuko wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Akidi ni ngapi?"

"Kumi na tano," alisema Domina.

Mama Adrienne akachungulia chini. "Na président iko. Namuona na macho yangu."

"Mimi sipo!" Ludovick alipaza sauti. "Nipo kimwili tu!"

"Katiba haisemi uwepo wa namna gani, mwenyekiti," alisema Domina. Hakuamini kwamba sauti ile ni yake. Miaka minne alikuwa ameandika "naam, mwenyekiti". Sasa alitoa daftari, akaandika tarehe, akatangaza mkutano umefunguliwa.

Ludovick alipinga kila kipengele, na Domina akayaandika mapingamizi yote kwa hati nzuri. Kura za uenyekiti zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mama Adrienne alipata kumi na saba. Ludovick alipata moja, yake, na kwa haki kabisa ilihesabiwa, ingawa mkono wenyewe ulikuwa na matope hadi kwapani. Domina hakupiga kura. Alikuwa anahesabu.

Ngazi ilifika ikibebwa na wazee wawili. Baudouin akashuka, akamsukuma Ludovick kwa nyuma huku akimwita bado "Président". Alipotoka, mwenyekiti mpya alimvisha koti lake na kumpa chai.

Kwenye treni abiria walisogea mbali na harufu ile. Domina akaenda kuketi na Ludovick.

"Utaandikaje?" aliuliza mwenyekiti wa zamani bila kumtazama.

"Kwamba mwenyekiti aliyemaliza muda alihudhuria mkutano tangu mwanzo hadi mwisho."

Ludovick akafunga vifungo vya koti. "Weka na kwamba mahali nilipachagua mimi."

Domina akaandika.