Kengele ya Pili ya Emuron

Emuron alikuwa fundi wa redio pale Malaba mpakani, jirani na uwanja wa malori. Mkewe, Among, alipopooza na sauti ikamwisha, Emuron alimtengenezea kengele: kitufe kitandani, waya ukaenda hadi kwenye kibanda chake cha kazi. Among aliibonyeza kwa miezi minane. Kisha, Machi, akafariki wakamzika.

Juni akaja Sylvia, jirani anayewauzia madereva chapati.

"Mzee, mama ameanguka, hawezi kutembea. Nikiwa huko nje kwa jiko simsikii. Ile kengele ya mama Among bado iko?"

"Iliharibika," Emuron akasema bila kuinua macho.

Haikuwa imeharibika; ilikuwa bado ukutani, na hakutaka kuitoa. Sylvia akashukuru, akaenda zake.

Alasiri, akiona haya kwa uongo wake, akatafuta bolti ili atengeneze kengele nyingine, akaanza kuizungushia waya wa shaba aliochomoa kwenye mota mbovu. Alihesabu mizunguko kwa sauti, na sauti yenyewe ikamshangaza, ilivyokauka. Kwa mizunguko hamsini, alipounganisha betri, bolti ilinasa pini tu; ulimi wa chuma alioufunga mbele yake, wenye nyundo ya kugonga kengele, haukutikisika. Akaongeza hadi mia mbili, akaunganisha betri tena. Ulimi ukavutwa, nyundo ikagonga.

Kesho yake alifunga kitufe kando ya kitanda cha Roselida, mamake Sylvia, na kengele akaiweka nje, juu ya jiko la chapati.

"Sasa hii kitu itajuaje nimebonyeza?" Roselida akauliza.

"Ukibonyeza, mama, stima ya betri inapita kwa waya, bolti inakuwa sumaku. Inavuta hicho chuma, kinagonga. Lakini kikivutwa kinakata stima, sumaku inaisha, kinarudi. Kikirudi, stima inapita tena. Ndiyo maana inalia bila kukoma mpaka uachilie."

Roselida akabonyeza. Ngriiing! Akacheka, akabonyeza tena.

"Kaa unywe chai, mzee," Sylvia akasema.

"Nimeacha kibanda wazi." Alikuwa amekifunga kwa kufuli.

Jioni Emuron alikuwa anakula ugali peke yake kengele ilipolia ng'ambo ya ua. Kabla hajakumbuka kuwa Among hayupo, alikuwa amesimama, mkono uko mlangoni.

"Nakuja, mama!" Sylvia akaitika kule.

Emuron akaachia mlango. Kisha akanawa mikono upya, akarudi kwenye ugali uliokwisha kupoa.