Ulimi wa Kuazima

"Usinitie changa la macho, mke wa kaka! Keki umekula."

"Sijala."

"Basi hii kumi na sita imetoka wapi? Imeshuka na mvua?"

Mama Keki, kama mtaa mzima ulivyomwita, alisimama katikati ya jiko lake la kuokea, kipimo cha sukari mkononi. Tangu daktari amwambie ana kisukari, alikuwa amepunguza wali, akaongeza mboga, na soda akaiaga bila kugeuka nyuma. Asubuhi namba ilitulia. Mchana, akipima kazini, ilipaa kama tiara. Kesho kliniki, na wifi yake, dada wa mumewe, aliyemsaidia kuosha vyombo na kutoa maoni bila kuombwa, alishakata shauri.

"Funga oveni. Fisi hapewi kazi ya bucha."

Kufunga oveni! Kazi aliyoisomea, inayomwamsha kwa furaha kabla ya jogoo! Maneno yalimchoma, lakini namba ilimwasha zaidi. Mbona asubuhi hivi, mchana vile? Asubuhi hupimia chumbani, akitoka kuoga. Mchana hupimia hapa, akijifuta kwa aproni tu. Akakitazama kidole. Sukari laini ya kupambia keki ilikuwa imejaa hadi ukuchani.

"Hebu ngoja."

"Ningoje nini? Uongo uote miguu?"

Mama Keki akafungua bomba. Akanawa kwa sabuni, akajikausha kwa taulo safi, akadunga kidole kingine. Wakainamia kioo kidogo cha kipimo mpaka vichwa vikagongana.

Kumi na moja.

"Mashine yako imelewa," wifi akasema.

"Imelambishwa! Nilikuwa napima keki, si damu."

Wifi akacheka hadi akakalia ndoo. Mama Keki naye akacheka, lakini si kwa muda mrefu. Muuguzi alimwambia isifike kumi saa mbili baada ya kula, naye mchana alikula maharage kidogo na mboga tele. Hicho kilichozidi kimepitia wapi?

"Futa mdomo kwanza," wifi akamwambia. "Una krimu hapo pembeni."

"Nimeonja tu."

"Mara ngapi?"

"Kila bakuli. Chuoni walitufundisha, keki isiyoonjwa haitoki mlangoni."

"Na leo bakuli ngapi?"

Mama Keki akageukia sinki. Mabakuli yalikuwa yamepandana kama ngazi.

"Tumbo halijui kuonja, mke wa kaka," wifi akasema, safari hii kwa upole. "Linajua kupokea."

Mama Keki akayapa mabakuli mgongo. Akatungua kijiko kipya ukutani, akamnyooshea.

"Shika. Kuanzia sasa mimi nachanganya, wewe unaonja."

"Mimi? Mwosha vyombo?"

"Wewe mkosoaji. Kuna kitu nimewahi kupika kikakupendeza?"

Wifi akafikiri kwa haki. "Hakuna."

"Basi kazi umepata."

Mama Keki akasukuma bakuli la krimu mbele yake, akafunga mikono kifuani, akakaza midomo. Wifi akachota, akafumba macho, akajipa muda kama hakimu.

"Limau halisikiki."

Kisu kilikuwa tayari kinakata limau.