Mama Hashiki Kazi

Mikono ya mama yangu ilikuwa laini, na ulaini ule ulinitia kichefuchefu.

Sikuwa nimemwona tangu ukame wa themanini na nne. Mwaka ule mifugo yetu iliisha kule Korbesa, na mimi nikaenda Moyale kutafuta kibarua. Ndugu yangu mkubwa, Dabaso, dalali wa ng'ombe mwenye ploti mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, akamchukua mama akae kwake. Sasa nilikuwa nimepata kazi ya utingo kwenye lori la Merti. Siku ya kwanza lori liliposimama Isiolo, niliruka chini na vumbi langu kichwani nikaenda kumsalimia.

Walikuwa wamemweka chumba cha ndani, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Ubani ulifuka, na chini ya ubani kulikuwa na harufu ya mkojo. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na umelegea kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa. Huyu ndiye Abiba aliyekuwa akipakia ngamia peke yake huku amenibeba mgongoni! Mgongo wenyewe ulikuwa umepinda, na shingo imesogea mbele. Nilitaka kulia, lakini hasira ilifika kwanza.

"Umekuwa mwanamume, Denge," alisema. "Niitie Batula. Nataka kwenda choo."

Batula, mke wa Dabaso, alikuja akampitishia mikono kwapani na kumwinua. Miguu ya mama ilitoka ndani ya dera kama vijiti viwili, ikaburuta sakafuni. Waliporudi, mama alikuwa anahema, na uso ameuelekeza ukutani.

"Mwanangu," alisema, "sitaki tena ng'ombe. Sitaki nguo. Nataka kwenda choo na kurudi bila kushikwa makwapa kama mbuzi mgonjwa. Hilo tu."

"Nani amekukataza kutembea?"

"Ndugu yako. Ananiheshimu."

Heshima yenyewe niliiona jioni ile ile. Wake za wachuuzi wenzake Dabaso walikuja kunywa chai, na Dabaso akawaleta hadi mlangoni kwa mama. "Mama yangu hashiki kazi," alisema, kifua mbele. "Hata kikombe haoshi. Maji hachoti, jua halimwoni. Mguseni mkono." Wakaugusa mmoja baada ya mwingine, wakiubonyeza kama watu wanaochagua nyama, na kila mmoja akasema mashallah. Mama aliwatolea mkono huku anatazama dari. Mimi nilitoka nje nikatema mate. Kule kwetu mwanamke anasifiwa kwa nyumba aliyoisimamisha. Ndugu yangu alikuwa amegundua mji mpya ambapo mwanamke anasifiwa kwa kuoza polepole.

Wiki iliyofuata mama alijaribu kwenda choo peke yake. Aliteleza kwenye ngazi ya mlango, akajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika hapo kwenye kifundo.

Tulimpeleka hospitali kwa lori letu, mimi na Dabaso. Daktari alikuwa mama mmoja Mmeru, mnene, jina lake Peris. Aliinua picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha. Mkono ulikuwa umevunjika kama kijiti kikavu. Pia mfupa mmoja wa mgongo ulikuwa umebonyea siku nyingi, bila mtu kujua.

"Mama, hedhi ilikoma lini?" aliuliza.

Dabaso aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Unatutajia hedhi ya mama yetu? Mbele yetu? Hii ni hospitali ama ni baa?" Akatoka na kuubamiza mlango, akaenda kusimama kwenye lori.

Mimi pia masikio yaliwaka. Nilitazama sakafu, lakini nilibaki. Mama alikuwa anacheka, ingawa mkono ulimuuma.

"Ilikoma zamani. Huyu aliyekimbia alikuwa hajaoa," alijibu.

"Basi sikiliza," alisema Peris. "Hedhi ikishakoma, mifupa ya mwanamke inaanza kuwa myepesi. Ni yetu sote, hata mimi. Lakini mfupa unapenda kubebeshwa kazi. Ukikaa tu, mfupa unajua hauhitajiki, unazidi kuisha. Na misuli ya mapaja ikilala, haikushiki tena, unaanguka. Na ukianguka na mifupa hiyo, unavunjika. Kula vizuri, kunywa maziwa, ota jua. Mkono ukipona, anza kusimama na kukaa, polepole, kila siku. Usiiname ghafla na usibebe mzigo mzito. Nani anakukataza kazi?"

"Yule wa baa," alisema mama.

Dabaso alikuwa amejipatia mafundisho yake mwenyewe kule nje. Alinunua kitanda cha vyuma kilichoinuka juu hata mama asiweze kukanyaga chini. "Umeona? Kazi ndiyo imemvunja," aliniambia. "Hatashuka tena mpaka Mungu amchukue."

"Daktari amesema kukaa ndiko kunamvunja."

"Daktari yupi? Yule asiye na haya? Wewe ni mtu wa kufunga turubai, Denge. Funga turubai."

Nilimwangalia akijipaka marashi shingoni, nikaona nikibaki hapo nitampiga.

Plasta ilipotolewa, mama alipata jeshi. Ploti ya nyuma aliishi Akuam, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa, umri karibu sawa na wake, mweusi na mkavu kama msumari. Kila asubuhi Dabaso akishaenda sokoni, Akuam aliingia, akamshusha mama kwenye kile kitanda, akampeleka uani na kumketisha juu ya debe lililogeuzwa.

"Simama, Abiba."

"Siwezi."

"Basi kufa hapo hapo, mimi nina makaa ya kuuza. Simama!"

Na mama alisimama, akatetemeka, akakaa. Akasimama tena. Batula alipita na ndoo, akatazama juu angani. "Mimi sijaona kitu," alisema. "Na mgongo wangu unaomwinua kila siku, nao haujaona kitu." Maziwa ya wageni yalianza kupungua jikoni, na Batula hakujua yanakwenda wapi.

Baada ya miezi kadhaa mama aliniambia, "Ukienda Merti, fika Korbesa kwa dada yako Tiya. Akupe miti ya nyumba yangu na mikeka."

"Ya nini?"

"Kile kitanda ni cha Dabaso. Nataka kulala chini, mahali ninapoweza kusimama mwenyewe."

Niliileta juu ya lori. Dabaso alikuwa amesafiri kwenda mnada wa Meru. Mama na Akuam walianza kujenga uani, mti mwembamba baada ya mwingine, wakiupinda, wakiufunga kamba. Akuam alibeba mizigo, mama alifunga mafundo akiwa amepiga magoti. Ilikwenda taratibu mno. Vidole vyake laini vilipasuka vikatoka damu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuiona ile damu. Fundo moja lilimshinda, nikanyoosha mkono.

"Toa mkono!" alifoka. "Mwanamume anashika nyumba ya mwanamke? Unataka watu waseme nimezaa akina Tiya wawili?"

Nikarudi kukaa ukutani kama kuku. Nyumba ilipoisha ilikuwa imeegemea upande mmoja, chini kuliko ya kawaida, mikeka mingine imechanika. Ilikuwa nyumba mbaya, na ilikuwa yake.

Dabaso alirudi na wageni wa kutoka Merti, wazee wa ng'ombe, akiwatanguliza uani kwa madaha. Mbele yao alikuwa Halake, tajiri ambaye Dabaso alikuwa amemfukuzia mwaka mzima wafanye biashara pamoja. Halake alisimama, uso ukafunguka.

"Nagaa, nagaa! Amani! Nyumba ya kwetu katikati ya Bulla Pesa! Nani amesimamisha hii?"

Niliuona uso wa ndugu yangu. Kwanza hofu, halafu hesabu, halafu lile tabasamu lake la mafuta. Aliona sifa iko chini, akainama kuiokota.

"Mimi," alisema. "Mama alikumbuka nyumbani, nikashika miti kwa mikono yangu hii. Kila mti."

 Kisha Halake akaanza kucheka, akashika tumbo, na wazee wote wakafuata.

"Na kamba ulifunga wewe? Na mikeka ulishona? Batula! Batula, njoo! Umeletewa mke mwenza!"

Dabaso alikuwa amekaa mjini mpaka akasahau nyumba hujengwa na nani. Shingo yake ilijaa damu. "Bomoa hii takataka, Denge!"

"Mimi sigusi nyumba ya mwanamke," nilisema. "Bomoa wewe, umeshazoea kuzishika."

Alirukia mti wa kona, akauvuta. Kamba ikalegea, mkeka ukaanguka. Sauti ya mama ikatoka ndani: "Polepole, fundi."

Wazee walipiga makofi. Dabaso aliuachia mti kana kwamba umemuuma.

Mama akatoka. Mlango ulikuwa mfupi, kwa hiyo alitambaa, mikono na magoti, mbele ya wote. Kicheko kilikatika. Halake akanyoosha mkono amwinue, na mama akautazama tu mpaka mzee akaurudisha. Aliweka mguu mmoja chini. Akabonyeza paja kwa mikono miwili. Goti lilitikisika, likakataa, likatikisika tena, na makalio yakapanda, na mgongo ule uliopinda ukapanda nyuma yao, mpaka mama yangu akawa amesimama kwa kadiri mgongo ulivyoruhusu. Alikwenda kwenye mti wa kona akaikaza kamba yake kwa meno na mkono mmoja.

"Karibuni," aliwaambia wazee. "Batula atawapa chai. Mimi nakwenda choo."

Alisema hivyo kama mtu anayeaga kwenda Nairobi. Dabaso alinong'ona, "Mama, ona haya mbele ya watu!" akageuza uso, na mkono wenye saa akaupeleka puani, kana kwamba aliyenuka ni yeye mama. Nilimtazama ndugu yangu, nikatamani tusingalinyonya ziwa moja.

Kisha nikaacha kumtazama. Mama alikuwa anavuka ua, hatua fupi, mikono imetengana na mwili, na hapakuwa na mtu nyuma yake.