Harufu ya Kuungua

Mwaka ule wa sabini na tano, watu wa Kwamsanja walikuwa hawajatimiza hata mwaka mmoja tangu serikali iwahamishie pale. Nyumba nyingi zilikuwa bado fito tupu. Zahanati waliyoahidiwa ilikuwa vigingi vinne na kamba. Maji nayo yalikuwa ahadi, na ahadi hiyo ndiyo iliyomleta Mhina.

Mhina alikuwa dereva wa mradi wa maji, mtu wa Kerenge, umri wake miaka arobaini kasoro miwili. Udereva alijifunzia kwenye shamba la mkonge, na kwa miaka kumi na saba hakuwahi kugonga hata kuku. Wenzake walipenda kulisema jambo hilo mbele yake, naye alipenda kulisikia.

Asubuhi moja alikuwa amepeleka mabomba. Aliegesha Landrova kwenye mteremko wa ofisi ya kijiji, na kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa imelegea kwa uzee, aliivuta mpaka ikagoma, kisha akashuka na kuweka jiwe kwenye gurudumu. Wanaume walikuwa wanashusha bomba la mwisho alipotokea mtu mmoja anakimbia, shati halina vifungo.

"Ndugu dereva," alisema, "naitwa Sadala. Mke wangu kajifungua alfajiri. Mtoto mzima, wa kiume. Lakini kondo la nyuma limekwama, damu haikatiki. Mkunga kasema yeye uwezo wake umefika mwisho."

"Mleteni," Mhina akasema.

Walimleta na kitanda cha kamba. Mwaija alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, midomo imepauka kama iliyopakwa majivu. Walimlaza nyuma juu ya turubai, na Sadala akapanda akakipakata kichwa chake. Mama mzazi wa Mwaija, Bibi Tatu, alikaa mbele na kichanga, na khanga aliyokuwa amejitanda ikamwagika kwenye kiti mpaka juu ya magia na breki. Watu walizunguka gari, huyu analeta kibuyu cha uji, yule anaita jina la Mwaija, wanawake wawili wanalia. Mhina alizunguka nyuma, akaliondoa jiwe, akalitupa kando, akajifuta mikono kwenye suruali.

Jiwe hilo alikuja kuliwaza sana baadaye. Alipolitupa, mwili wake uliona kazi ya kuliachia gari imekwisha. Akaingia, akawasha, akatia gia nzito kwa ajili ya mchanga, akaondoka.

Gari lilikuwa zito, naye alilisikia. Lakini barabara ile ya kutoka pande za Handeni kwenda Korogwe ilikuwa mchanga mtupu kwa maili nyingi, na mchanga hulivuta gari lolote. Akakanyaga mafuta zaidi. Mbele yake aliona saa mbili za njia hadi hospitali, na nyuma yake alisikia Sadala akimwambia mkewe, "Usilale, Mwaija. Nisemeshe."

Walipokuwa wamekwenda kama nusu saa, Bibi Tatu aligeuza uso.

"Mwanangu, naona kama kuna kitu kinaungua."

"Ni gari, bibi. Likipata joto linanuka."

Wakaenda. Bibi Tatu akakifunika kichanga pua kwa pindo la khanga. Baada ya muda akasema tena, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumsumbua mwenye kazi yake, "Harufu imezidi, baba."

"Tukisimama tutachelewa, bibi."

Alikuwa hasemi uongo. Aliamini hivyo, akakaza macho mbele.

Ni Sadala aliyeuona moshi, ukipenya kwenye sakafu karibu na miguu ya mkewe. Alipiga bati la gari kwa kiganja. Mhina alisimamisha gari, na kabla halijatulia vizuri mwali wa rangi ya machungwa ulichungulia chini ya kiti. Bibi Tatu alishuka na mtoto, khanga ikabaki. Mhina na Sadala walimvuta Mwaija pamoja na turubai lake, wakambeba hatua thelathini, wakamweka kwenye kivuli chembamba cha mgunga. Kisha wakarudi wakamwagia moto mchanga kwa mikono, kwa sufuria, kwa kofia ya Mhina.

Moto ulipopungua, Mhina aliingiza mkono kuiondoa ile khanga iliyoanza kuungua. Alipoivuta, aliona mkono wa breki umesimama juu, vilevile alivyouacha kule mteremkoni.

Alitazama nyuma. Sadala alikuwa ameinama upande wa pili akichota mchanga. Mhina akaushusha mkono wa breki taratibu, ingawa ulimchoma kiganja, akatoka na khanga.

Gari halikuwaka tena. Nyaya zilikuwa zimeyeyuka, oili ya gia imemwagika yote chini. Ilikuwa saa nne na nusu ya asubuhi, jua limeshakuwa kali, na barabara haina gari jingine mbele wala nyuma. Basi la Korogwe lilikwishapita alfajiri.

Mchungaji mmoja wa Kimasai, jina lake Kimaren, alitokea na ng'ombe wake akawakuta. Hakuuliza mengi. Aliwaachia kibuyu cha maziwa na ng'ombe wote, akaenda mbio kuelekea shamba la mkonge, maili tisa, kutafuta trekta.

Wakangoja. Sadala alimpepea mkewe kwa shati lake. Bibi Tatu alimwekea kichanga kifuani, nacho kikanyonya kidogo, kikalala. Mhina alisimama jua likimpiga utosini. Angeweza kukaa kivulini lakini hakuona kama anastahili.

"Dereva," Mwaija aliita. Sauti yake ilikuwa nyepesi lakini imetulia.

Mhina akasogea, akachuchumaa.

"Pole kwa gari lako," alisema Mwaija. "Watakugombeza kazini?"

"Hapana, dada. Usiwaze hayo."

"Una watoto?"

"Watatu."

"Mama yao yupo?"

"Yupo."

Mwaija aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka. Akaomba maji, akanywa funda moja. Kisha akaanza kusema baridi, baridi, katika jua lile la kupasua mawe, na Bibi Tatu akamfunika kwa khanga iliyoungua pindo. Saa saba mchana akafariki. Trekta ilifika saa nane.

Walimzika siku ya pili Kwamsanja. Mhina alikwenda. Alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, na kila alipoweka jembe chini mtu alimshika bega akamwambia, umejitahidi, ndugu yetu, Mungu atakulipa. Kiganja chake kilikuwa na lengelenge lililopasuka, wakadhani ni la jembe.

Gari lilikokotwa hadi karakana ya mradi, Korogwe. Fundi mkuu alikuwa Jonathan, mtu mpole, rafiki yake Mhina wa siku nyingi. Aliingia chini ya gari akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Breki ya mkono ya gari hili inashika shafti, nyuma ya giaboksi," alisema. "Oili ilikuwa inavuja pale, nilishakwambia. Lakini oili peke yake haiwaki. Ngoma ya breki imekuwa ya bluu kwa joto la kusuguliwa, Mhina. Unajua maana yake."

Mhina alikunja kiganja chake chenye lengelenge.

"Umeliendesha na breki."

"Ndiyo."

Jonathan alitazama mlangoni, akateremsha sauti. "Nitaandika nyaya zilipata shoti. Gari ni bovu, kila mtu anajua. Yule mama harudi hata ukifungwa."

Na hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mhina alitia sahihi kama shahidi wa ajali, akarudi nyumbani, akala, akalala. Alishangaa kwamba usingizi ulikuja.

Pengine angeendelea hivyo miaka yote. Ila baada ya wiki mbili Sadala alikuja Korogwe kwa basi, akamkuta karakana. Alikuwa amekonda, amevaa kanzu iliyofuliwa vizuri, mkononi ana kuku wawili waliofungwa miguu.

"Nimekuletea hawa," alisema. "Na nimekuletea habari. Mtoto hajambo. Dada yangu Zamda ananyonyesha, basi anawanyonyesha wote wawili, wake na wangu. Tulimfanyia akika siku ya saba. Nimempa jina lako."

"Jina langu?"

"Mhina bin Sadala. Nilikuwa nimekusudia kumwita Abdi, jina la marehemu baba. Lakini nilimwambia mama mkwe, yule mtu aliacha kazi yake, akatubeba, gari la serikali likaungua kwa ajili yetu, na siku ya pili akaja kutuchimbia kaburi. Tusimsahau."

Mhina aliwapokea wale kuku. Alitaka kusema pale pale, maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, lakini Sadala alikuwa anawahi basi la kurudi. Aliondoka akipunga mkono.

Siku tano alikaa na jambo hilo moyoni. Siku ya sita alipanda basi la Handeni, akashuka njia panda, akatembea mpaka Kwamsanja. Alimkuta Sadala anakandika ukuta. Sadala alifurahi, akatafuta kigoda, akataka kuita mtoto aletwe.

"Usimlete kwanza," Mhina alisema. "Kaa."

Akasimulia. Hakuzunguka. Alisema habari ya jiwe, habari ya khanga, jinsi alivyoona mkono wa breki umesimama, jinsi alivyoushusha Sadala akiwa ameinama. Alisema na yaliyoandikwa karakana. Sadala alikuwa na udongo mikononi, ukaanza kukauka na kupasuka huku anasikiliza.

"Kama ungeishusha breki kabla ya kuondoka," alisema mwishowe, "tungefika?"

"Tungefika saa tano."

"Angepona?"

"Sijui, Sadala. Labda. Damu ilikuwa nyingi. Sijui."

"Na kama nisingempa mtoto jina lako, ungekuja?"

Mhina alijaribu kulitafuta jibu la kweli. "Sidhani," alisema.

Sadala aliinuka, akanawa mikono kwenye karai, akaikausha kwa khanga iliyotundikwa ukutani. "Nenda ukamwambie mama," alisema. "Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Bibi Tatu alikuwa uani anapepeta mahindi, mtoto kalala kwenye mkeka karibu yake. Mhina alimwamkia, akapiga magoti, akasimulia kwa mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Ungo ulisimama mikononi mwa yule mama.

"Nilikwambia," alisema. "Mara mbili nilikwambia, baba."

"Uliniambia, bibi."

"Nikajua wewe ndiye mwenye gari, wewe ndiye unayejua. Nikanyamaza. Toka siku ile najiuliza kwa nini nilinyamaza." Alimsogeza mtoto kwenye mkeka, mbali kidogo na magoti ya Mhina. "Huyu ataitwa Abdi. Wewe rudi kwenu."

Hakuna aliyemsindikiza. Alipita kati ya nyumba peke yake, na watu waliokuwa hawajajua lolote walimsalimia kwa furaha.

Kesho yake alikwenda ofisini akaomba ile taarifa ibadilishwe. Alinyang'anywa leseni, akaondolewa kwenye udereva, akawekwa kwenye kundi la kuchimba mitaro. Jonathan alipewa onyo la maandishi na akakosa cheo alichokuwa akikingoja. Hakumsemesha Mhina tena. Walipokutana sokoni Korogwe, Jonathan alivuka barabara.

Mtaro wa Kwamsanja ulichimbwa mwaka wa sabini na saba, na Mhina akiwemo kwa sururu. Aliomba apelekwe kijiji kingine, msimamizi akakataa. Siku bomba lilipofunguliwa maji yalitoka mekundu kwanza, baadaye yakawa meupe, na wanawake wakapanga mstari. Bibi Tatu alikuwamo, ndoo kichwani. Alipofika karibu, Mhina aliinua uso kutoka kwenye koki aliyokuwa anaikaza.

"Shikamoo, bibi."

Yule mama aliingoja ndoo ijae.

"Marahaba," alisema, akajitwisha, akaondoka na maji yake.