Klachi Iliyong'olewa

Tangu mguu wa kushoto wa mama udhoofike, gari lake halikutoka uani. Mwanawe, fundi, akang'oa giaboksi ya gia za mkono, pamoja na klachi inayokanyagwa kwa mguu huo, na kufunga ya otomatiki. Injini iliwaka, lakini gari liling'ang'ania gia moja.

"Kompyuta ya injini bado inadhani kuna klachi," akasema. Akatafuta kompyuta ya gari la otomatiki, akaifunga, na gia zikaanza kujibadilisha.

Mama akashika usukani, mwanawe akaketi kando yake. Kila walipofika kwenye kona, mguu wake dhaifu ulikanyaga zulia tupu.

"Mama, klachi nilishaing'oa."

"Najua, baba. Umebadilisha kompyuta ya gari, yangu umeisahau."

"Yako haina spea, mama. Tutazunguka mpaka izoee."

Mama akacheka, akakunja mguu chini ya kiti, akakata kona.