Aliyezaliwa na Hemedi

Usiku wa kuamkia leo nimeota matanga ya kaka yangu Hemedi, na matanga yenyewe tumeyaanua juzi. Turubai ni lilelile, ila limefungwa ndani ya wodi ya wanaume, na wagonjwa wanapelekewa ubwabwa vitandani. Sikushangaa. Mimi nilikuwa nahangaikia sahani tu.

Mara anaingia mtu mwembamba, mkono umekunjika, shingo imelalia bega, Hemedi mtupu. Anataka kukaa mkeka wa wafiwa.

"Wewe nani?"

"Mtindio wa Ubongo, dada. Nimezaliwa naye."

Kweli, tangu Hemedi mchanga tuliambiwa kazaliwa nao. Kumbe ni pacha wake. Namsogezea mto.

Muhuri wa hospitali, aliyekaa mlangoni na shati lililojaa wino, anakataa. "Huyo ndiye muuaji. Kibali cha kuzikia kinasema: sababu ya kifo, mtindio wa ubongo. Afungwe."

"Nimekaa naye miaka thelathini," anasema Mtindio taratibu. "Tumetambaa pamoja, tumeshangilia mpira pamoja. Ningetaka kumuua, ningengoja nini?"

Namuuliza Muhuri kama aliyaangalia maandishi kabla ya kugonga.

"Mimi kazi yangu kugonga, dada. Kusoma waulizwe wenye macho."

Wanamfunga kwa kamba ya turubai. Analia, na hakuna anayempa pole. Roho inaniuma, maana huyu alimjua Hemedi kuliko sisi sote.

Pembeni kuna bwana mnene wa suti, anaomba aongezewe ubwabwa. Pumzi zinamkoroma. Namuuliza yeye ni wa upande gani wa ukoo.

"Mimi Nimonia. Ndiye niliyemuua," anasema huku anachambua mfupa. "Mlipomleta na homa, daktari alimtazama mkono, akamtazama shingo, akaandika. Kifuani hakufika, nami nilikuwa humohumo."

"Uliingiaje?"

"Na uji. Mlikuwa mnamlisha amelala. Akipaliwa, uji unashukia mapafuni, na mimi nyuma yake."

Nawaambia watu wamkamate. Wanamwongezea nyama.

"Usijisumbue," ananiambia kwa upole. "Karatasini simo, na asiyeandikwa hatafutwi." Ananawa mikono. "Nielekeze tu, kwa Tunu ni wapi?"

Tunu ni binti wa jirani yangu Mwanaidi, naye kazaliwa kama Hemedi. Nataka kupiga yowe, mdomo umejaa ubwabwa. Wodi imeshakuwa uchochoro wetu. Nimonia anatembea mbele yangu, anawaamkia wazee, wazee wanamwitikia vizuri. Anafika mlangoni kwa Mwanaidi, anapiga hodi.

"Karibu," anajibiwa.

Nikaamka. Kumekucha. Nyuma ya ukuta nasikia kijiko kikigonga kikombe, kisha kikohozi, kisha kijiko tena.

Nilitoka bila viatu. Tunu alikuwa amelazwa chali mkekani, uji unamtoka puani, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Nilimgusa shingo, anaungua.

"Ana siku kadhaa hivi," Mwanaidi akasema, bado kashika kijiko. "Ndivyo alivyo, dada. Si unajua amezaliwa hivyo?"

Nikamwinua mtoto nikamkalisha, kichwa chake kifuani kwangu. Hemedi naye tulimsemea hivyohivyo.

"Chukua khanga, twende hospitali," nikamwambia. "Na daktari akianza kumtazama mkono, usinyamaze, mama. Mwambie aanzie kifuani."